Herufi Tano Mkononi mwa Ciru

Swali la tisa kwenye fomu lilitaka mgonjwa aeleze tatuu yake ni ya nini na iko sehemu gani ya mwili. Ciru aliishika kalamu muda mrefu. Mwishowe akaandika, "Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Ni neno." Msichana wa mapokezi alipoisoma fomu akauliza kwa upole, "Samahani, neno gani? Daktari hupenda kujua ukubwa wake."

Ciru alikunja mkono wa sweta, akauweka mkono wake juu ya kaunta ili msichana ajisomee mwenyewe.

MWIZI.

Haron, kaka yake, alikuwa amesimama nyuma yake na funguo za gari mkononi. Aligeuka akatazama dirisha.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, mwaka wa 2006, katika kliniki moja ya ngozi kule Spring Valley, nyumba ya zamani ya kuishi iliyogeuzwa vyumba vya madaktari. Haron alikuwa na miaka thelathini na minne. Alifanya kazi katika kampuni ya bima Loita Street, akisoma madai ya watu waliogongwa au kuibiwa, na kuamua nani anasema kweli. Ciru alikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa shule ya chekechea Mutuini, ambako bado aliishi na mama yao. Watu wa Mutuini hawakuwahi kumwona na nguo ya mikono mifupi, hata Januari jua likiwaka. Wengine walidhani aliungua akiwa mdogo.

Lililomfanya atafute daktari ni mtoto mmoja wa darasa lake. Ciru alikuwa amekunja mikono ya sweta kuwanawisha watoto kabla ya uji, na yule mtoto, ambaye wiki hiyo ndiyo alikuwa ameanza kuunganisha silabi, akaweka kidole kwenye mkono wa mwalimu na kusoma kwa sauti: mwi, zi. Wenzake wakarudia vile walivyozoea kurudia kila kitu kinachosomwa. Jioni hiyo Ciru alimpigia Haron simu, akamwambia kuna mwalimu mwenzake amesikia habari za leza. Haron alisema, "Tutaenda. Mimi nitakupeleka," hata kabla hajamaliza.

Daktari Kaindi alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Aliushika mkono wa Ciru, akapitisha kidole gumba juu ya herufi moja moja.

"Hii ilichorwa na sindano ya kushona," alisema. "Na wino wa kalamu?"

"Wino na masizi ya taa," Haron alijibu.

Daktari alimtazama. "Ulikuwepo?"

"Tulikuwa watoto," Ciru alisema haraka. "Tulikuwa tunacheza. Kuna mtoto wa jirani alinichora."

Haron alihisi masikio yakimuwaka. Hapakuwa na mtoto wa jirani, ingawa hata mke wa Haron alikuwa ameambiwa hivyo hivyo. Dada yake alikuwa amemfichia aibu mbele ya mgeni, bila kuombwa, na yeye akanyamaza akakubali kufichiwa.

"Nikwambie ukweli sasa usije ukanikasirikia baadaye," daktari alimwambia Ciru. "Mashine haifuti kama raba ya shule. Inavunja wino uwe chembe ndogo sana, halafu mwili wako wenyewe unaziondoa polepole. Kwa hivyo tukifanya leo tunangoja wiki nane ndio turudie. Ngozi yetu nyeusi haitaki haraka. Nikiweka nguvu nyingi nitakuachia baka jeupe, na hilo nalo utalificha. Hesabu mara tano, pengine sita. Na itauma. Wengi husema ni kama mafuta moto ya kukaangia yanakurukia. Itafura, inaweza kutoa malengelenge. Usiyapasue, usijikune, usiweke mkono juani. Kwenu kuna mtu huota kovu la kuvimba?"

"Hapana."

"Vizuri. Una swali?"

"Itaisha yote?"

"Kinaweza kubaki kivuli. Lakini hakuna mtu ataweza kuisoma."

Ciru aliinamisha kichwa. Haron aliona machozi yakimdondokea kwenye sketi, na hakujua aweke wapi mikono yake.

Neno hilo aliliandika yeye.

Mwaka wa 1986 Haron alikuwa na miaka kumi na minne na Ciru saba. Baba yao, mfanyakazi wa machinjioni Dagoretti, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mama yao, Waithera, alikuwa akiwalisha kwa cherehani aliyoiweka kwenye baraza ya duka moja pale sokoni. Alikuwa na mkasi mzito wa chuma cheusi, mkasi wa fundi hasa, uliokata kitambaa kikiwa kimekunjwa mara nne. Haron aliuchukua asubuhi moja, akampelekea kijana wa machinjioni, naye akampa raba nyeupe za kuchezea mpira. Mama aliambiwa kwamba raba zimetolewa na mwalimu wa michezo.

Mkasi ulipotafutwa, Haron alisema, "Nilimwona Ciru akienda nao chooni." Alichagua choo kwa sababu kilikuwa cha shimo refu na hakuna mtu angeshuka kuhakikisha. Ciru alichapwa. Akalia kwamba hajui, akachapwa tena kwa kusema uongo. Lakini kwa siku kadhaa aliendelea kusema hajui, akiulizwa na asipoulizwa, mpaka mama yao akaanza kumtazama Haron kwa jicho la kuuliza.

Hapo ndipo Haron aliogopa. Wavulana wa shule yao walikuwa na mtindo wa kujichora majina mikononi. Alimwita Ciru nyuma ya ghala la mahindi, akamuuliza kama anataka kuandikwa jina lake kama watoto wakubwa. Ciru alinyoosha mkono. Alikuwa bado hajajua kusoma, na Haron alikuwa amemwambia kwamba anayelia jina lake halishiki, kwa hiyo hakulia. Ilichukua alasiri nzima. Ilipokwisha Ciru alikimbia hadi sokoni, mkono ukitoka damu, kumwonyesha mama yake jina lake.

Waithera alilisoma. Alimuuliza Haron kwa nini, na Haron akajibu, "Ndio asirudie." Mama alichukua fimbo, akaishika, akairudisha chini. Akasema, "Basi wacha ikae." Magaga yalipobanduka neno lilikuwa limekaa kweli, na kadiri mkono ulivyorefuka herufi nazo zikarefuka.

Siku hiyo kliniki, wakati wa leza, wote watatu walivaa miwani mizito ya kijani. Daktari alielekeza kitu mfano wa kalamu nene, na kila alipobonyeza kilitoa mlio mdogo mkavu, na pale kilipogusa wino ngozi iligeuka nyeupe kama imemwagiwa unga. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Ciru alikuwa ameng'ata leso. Haikufika dakika tano. Kisha daktari akapaka mafuta, akafunika kwa bandeji, akamwambia, "Umevumilia sana."

Njiani kurudi, walipokuwa wamepita Kangemi, Ciru alisema, "Asante, Haron. Si kila mtu ana kaka wa kumfanyia hivi."

Haron alisema, "Usijali," na akaongeza mwendo.

Nyumbani Waithera aliitazama bandeji kisha akaendelea kupepeta maharagwe. Hakuuliza ni nini. Baadaye aliingia jikoni akamchemshia Ciru maziwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Ciru awe mtu mzima, akamwekea mezani.

Walirudi mwezi wa nane. Malengelenge yalikuwa yametoka na kukauka, na neno lilikuwa limegeuka la kijivu, herufi ya mwisho ikiwa hafifu kuliko zote kwa sababu Haron alipofika hapo siku ile alikuwa amechoka na sindano haikuingia sana. Alilijua hilo na hakumwambia mtu. Daktari alifurahi, akasema wino wa nyumbani una tabia ya kutoka upesi. Ciru alimshukuru tena Haron, akamletea na yai la kuchemsha kwenye karatasi ale njiani, kwa kuwa alijua hutoka mjini bila kula.

Mara ya tatu ilikuwa Oktoba. Siku hiyo kulikuwa na wagonjwa wengi. Muuguzi alimpaka Ciru dawa ya ganzi, akaufunga mkono kwa karatasi ya plastiki, akasema itachukua kama dakika arobaini kushika. Wakabaki wawili kwenye chumba kidogo, Ciru amelala kitandani, Haron kwenye kiti cha plastiki.

"Kuna kitu nataka kukuambia na usinicheke," Ciru alisema akiangalia dari.

"Sikucheki."

"Miaka yote nilikuwa nasema sikuchukua ule mkasi. Unakumbuka vile nilikuwa nasema. Lakini tangu tuanze kuja hapa, nikilala hivi, nakumbuka. Nakumbuka vile ulikuwa mzito. Nakumbuka mlango wa choo ukikwaruza chini, na sauti ya mkasi ukiingia ndani. Nafikiri ni mimi, Haron. Nafikiri nilimdanganya mami mpaka nikajidanganya. Hii kitu ikiisha nataka nimpigie magoti nimwombe msamaha. Aliteseka sana bila huo mkasi."

Haron alifungua mdomo. Alimwona dada yake amelala pale, mwanamke mzima, mwalimu wa watu, akikumbuka kitu ambacho hakikutokea kwa sababu kaka yake alikuwa amekisema. Alisema, "Ciru," na hapo mlango ukafunguliwa, Daktari Kaindi akaingia akiwa ameshika miwani mitatu.

Haron alisubiri shughuli iishe. Alisubiri dawa zifungwe kwenye bahasha. Walipoingia garini aliwasha injini, kisha akaizima, gari likiwa bado ndani ya ua wa kliniki.

"Si wewe," alisema.

"Si mimi nini?"

"Mkasi. Ni mimi niliuchukua. Nilimpa kijana mmoja wa machinjioni. Haukuingia chooni. Hiyo ya choo niliitunga mimi."

Mlinzi wa getini alikuwa ameanza kuwafungulia, akaona hawaondoki, akalirudisha geti.

"Alikupa nini?" Ciru aliuliza.

"Raba."

"Zile nyeupe."

"Zile."

"Nilikuwa nakuoshea hizo raba," Ciru alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kila Ijumaa. Nilikuwa naokota chaki shuleni nije nizipake ziwe nyeupe za mechi. Nilikuwa nafikiri nikiziosha vizuri utamwambia mami mimi si mbaya."

"Ciru, nilikuwa mtoto."

"Mimi nilikuwa nani?"

Alijaribu kufungua mlango. Mkono wenye bandeji haukuwa na nguvu, ikabidi Haron apitishe mkono wake mbele yake amfungulie. Alishuka, akatembea hadi barabara ya Lower Kabete bila kugeuka nyuma. Haron alimfuata polepole na gari kwa umbali fulani, kioo kikiwa chini, akimwambia apande, angalau amfikishe Westlands. Watu walianza kuwatazama. Ndipo akatambua kwamba hata hapo alikuwa anamwaibisha, akaacha.

Jumapili alienda Mutuini. Ciru hakuwepo, alikuwa na watoto wa Sunday school. Waithera alikuwa amekaa nje ya mlango kwenye kigoda, amevua viatu vya kanisani, anajikanda goti. Haron aliketi kwenye ngazi, chini yake, akamweleza yote, tangu asubuhi ya mkasi hadi juzi kliniki. Hakujitetea. Alikuwa amejaribu utetezi mmoja kwa Ciru, na kila alipoukumbuka uso ulimchoma.

Mama yake aliendelea kukanda goti mpaka akamaliza.

"Unajua nilijua?" alisema. "Si kujua hasa. Nilishuku. Ulikuja na viatu na mkasi umepotea wiki hiyo hiyo. Lakini baba yako alikuwa amekufa, na mwanamume aliyebaki kwangu ni wewe. Niliogopa kujua. Nikaona afadhali iwe huyu mdogo wa kike, kesho atakuwa amesahau."

Alivivuta viatu vyake karibu.

"Na siku alikuja na mkono unatoka damu, amefurahi, ananiambia, mami, angalia jina langu. Ningemkimbiza hospitali saa hiyo. Zahanati ilikuwa hapo tu. Ningeosha hata na maji ya chumvi. Nikasema wacha ikae." Alivaa viatu vyake, kimoja kimoja. "Wewe uliandika, mimi nikaacha. Usifikiri aibu ni yako peke yako. Lakini yako beba wewe, mimi nitabeba yangu."

Mwezi wa kumi na mbili, zamu ya nne ilipofika, Waithera ndiye aliyempeleka Ciru. Haron alijua kwa sababu aliipigia kliniki kuuliza kama dada yake alifika, na msichana wa mapokezi akasema ndiyo, amekuja na mama mmoja aliyekataa kungoja nje, akashika mkono wa mgonjwa mwanzo hadi mwisho na akaomba aelezwe kila kitu kinachofanywa.

Siku chache baadaye Haron alikuwa mezani kwake Loita Street simu ilipolia ishara ya ujumbe. Ulikuwa wa Ciru, wa kwanza tangu Oktoba. "Krismasi tata Muthoni na uncle Kibe watakuwa kwetu. Utawaambia wewe mwenyewe. Mimi sitasema."

Alielewa. Miaka yote hiyo tata Muthoni, dada wa marehemu baba yao, akifika Mutuini alikuwa na kawaida ya kuinua mkoba wake kochini kila Ciru akikaa karibu. Kibe, ndugu yake mdogo, alipenda kumtania kila mkasi au kisu kisipoonekana, kwamba wamuulize fundi wa choo. Watu walicheka. Haron naye alikuwa akicheka.

Siku ya Krismasi walikula sebuleni, wakubwa kumi na mmoja, watoto nje. Haron alingoja sahani ziondolewe. Alisimama, na mkewe akamtazama akidhani anataka kuongoza maombi. Alisema kwamba mwaka wa 1986 aliiba mkasi wa mama yake akaubadilisha na viatu, akamsingizia Ciru, kisha akamwandika Ciru mkononi neno ambalo lilikuwa lake yeye. Alilitaja neno hilo. Mkewe, ambaye kwa miaka tisa ya ndoa aliamini ile hadithi ya mtoto wa jirani, aliweka kikombe chini.

"Sasa hayo ni ya zamani," Kibe alisema akicheka kidogo. "Krismasi hii, tuletewe chai."

"Mwache amalize," Ciru alisema.

Haron akamaliza. Alisema raba zilikuwa za rangi gani na aliyeziosha ni nani. Alisema kwamba juzi juzi Ciru alikuwa tayari kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, na kwamba hilo lilimwonyesha ukubwa wa alichofanya kuliko hata neno lenyewe. Kisha akabaki amesimama tu mbele yao, mtu mzima mwenye tai, na hakuna aliyemwambia akae.

Tata Muthoni ndiye aliyezungumza kwanza. "Nilikuwa naficha mkoba wangu," alimwambia Ciru. "Kila nikija hapa."

"Najua, tata."

"Nilikuwa nafikiri huoni."

"Nilikuwa naona."

Tata Muthoni alijifunika uso na kitambaa chake cha kichwa. Waithera alisimama kwenda kuleta chai, na njiani akamgusa Haron begani ili apishe, basi. Mkewe hakumwongelesha barabara yote ya kurudi nyumbani.

Februari goti la Waithera lilifura akashindwa kutembea. Ciru alimpigia Haron asubuhi ya Jumamosi, akamuuliza kama gari lina nafasi ya kumfikisha kliniki. Ciru alikuwa akingoja kando ya barabara Haron alipofika. Hawakuzungumza mengi. Alimweleza kuhusu choo kipya cha shule, na mzazi mmoja mkali. Haron aliuliza maswali madogo madogo, akiogopa kuuliza makubwa.

Kliniki, jina la Ciru lilipoitwa, Haron aliinuka kwa mazoea. "Wewe kaa hapa," Ciru alisema. Alikaa. Aliusikia ule mlio mkavu kupitia ukutani, mmoja mmoja, na kila mara vidole vyake vilijikunja.

Daktari Kaindi alitoka na Ciru hadi mlangoni. Alisema wino umebaki kidogo sana, mara moja tena na watakuwa wamemaliza, ila pale kwenye herufi ya kwanza pamebaki sehemu iliyopauka na huenda isirudi rangi yake.

"Hiyo ni sawa," Ciru alisema. "Hiyo naweza kuishi nayo."

Walipofika Dagoretti Ciru aliomba ashuke sokoni, mama yao alikuwa amemtuma nyuzi za cherehani. Haron aliegesha gari.

"Nikuje Aprili?" aliuliza.

Ciru alikuwa ameshafungua mlango. Alifikiri kidogo, mkono wenye bandeji ukiwa umelala pajani.

"Nitaangalia kama mami ataweza kutembea," alisema. "Asipoweza nitakupigia." Akashuka, akaingia katikati ya watu akitafuta duka la nyuzi, na Haron akabaki garini akimngoja.